Kitalu ndani ya nusu bidoni

*Mashamba mengi hayafikiki, na viwanja vya mjini vimebanana. Familia za Butembo na Beni zinaotesha miche ya mboga kando ya kuta za nyumba, katika vyombo vilivyokwisha kazi. Wapo wanaoona ni mchezo. Makala hii inaeleza kwa nini si mchezo.*

Na Mwandishi Wetu, Butembo

Bidoni ya njano ya lita 20 ikishatoboka haifai tena kwa maji wala kwa mawese. Katika parseli moja ya komini ya Bulengera, mjini Butembo, imepewa kazi nyingine. Imelazwa ubavu, ikapasuliwa kwa urefu wake kwa kisu kilichopashwa moto, yakapatikana mabeseni mawili. Kila moja limetobolewa matundu chini, likajazwa udongo na kupandishwa juu ya matofali, upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi.

Katika beseni la kwanza kuna kabichi zilizotoka juzi, vijani viwili viwili. La pili lina nyanya ambazo bado hazijachomoza. Limefunikwa kwa jani la mgomba. Kuku wanazunguka chini wakitazama juu.

Uani humo kuna jiko, bafu, kamba za nguo na njia ya wapangaji. Hakuna mahali pa kuinua tuta hata moja. Mama mwenye mabeseni amekulia kwenye kilimo na bado ana shamba, lakini liko upande ambao siku hizi haendi. Miche hii, ikifika kimo cha kidole, mingine ataipeleka kwenye kipande alichokodi bondeni, mingine ataipanda kwenye magunia pale pale uani.

Hajaelekezwa na mradi wowote. Ameona kwa jirani, akajaribu.

Nafasi ya wiki za mwanzo

Kabichi iliyokomaa ni mmea wenye makuu. Ukiipanda kwa sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche, kabichi 100 zitakula mita za mraba 27. Parseli nyingi za Butembo hazina uwanja wa namna hiyo.

Lakini kabichi hizo hizo, zikiwa changa, zinaridhika na sentimita tatu kila upande. Miche 100 inaenea kwenye mraba wa sentimita 30 kwa 30. Nusu ya bidoni ina urefu wa sentimita 35 hivi na upana wa 25. Inalea zaidi ya miche 80 bila kusongamana.

> Miche 100 ya kabichi inaenea kwenye mraba wa sentimita 30. Baadaye itadai mita za mraba 27.

Kabichi hukaa kitaluni wiki nne au tano. Nyanya wiki nne hadi sita. Vitunguu wiki sita hadi nane. Puaro huvumilia wiki nane hadi kumi, mpaka shina linene kama penseli. Muda wote huo mmea hauhitaji shamba. Unahitaji mtu aliye karibu nao asubuhi na jioni, mwenye maji kidogo na jicho la kuona mapema kilichoharibika.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa maisha ya Beni kuliko mahali pengi pengine.

Njia ya kwenda shambani

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yameandama vijiji vya Beni: Mbau, Oicha, Mavivi, sekta ya Rwenzori, na mashamba ya Mayangose kwenye ukingo wa mji wenyewe. Watu wengi wameuawa wakiwa wanapalilia au wanavuna. Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021 haikurudisha amani mashambani.

Kusini, vita dhidi ya waasi wa M23 vilifika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, vikapanda kuelekea Lubero, na familia nyingi zikakimbilia Butembo. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa mkoa ulihamia Beni. Kabla ya hayo yote kulikuwa na Ebola: mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukitokea Mangina, ukamalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Mangina, Beni, Katwa na Butembo.

Mji umepokea watu, na mashamba yamepoteza watu. Anayekuja mjini akiwa na jembe na watoto hakuti ardhi, anakuta chumba.

Fikiri sasa juu ya mkulima wa nyanya ambaye bado anathubutu kulima nje ya mji. Kitalu chake kikiwa shambani, atalazimika kwenda kukimwagilia karibu kila siku kwa wiki tano. Hizo ni safari zaidi ya 30 kabla hajapandikiza mche wa kwanza. Kitalu kikiwa nyumbani, safari hizo hazipo. Ataanza kwenda siku ya kupandikiza, akiwa na wenzake, mchana kweupe, na miche iliyokwisha kupata nguvu.

Sisemi bidoni iliyopasuliwa inazuia risasi. Nasema inapunguza siku ambazo mtu anakuwa mahali pa hatari, na kwa familia ya Beni hilo si jambo dogo.

Ujuzi upo, mahali ndipo pamebadilika

Watu wa nchi hii si wageni wa mboga. Nyanda za juu za Lubero, Masereka na Kipese hasa, zimelisha Butembo kwa kabichi, karoti, vitunguu, puaro na viazi kwa miaka mingi, na malori yamebeba mboga hizo mpaka Kisangani. Bibi wa Kinande hahitaji kufundishwa jinsi puaro inavyopandwa.

Ila ujuzi wake ulijengwa kwenye tuta pana, penye udongo mweusi na mto karibu. Kulea mmea ndani ya sentimita nane za udongo, juu ya matofali, ni kazi yenye kanuni nyingine. Chombo hukauka haraka. Hushika joto. Kikikosa matundu hugeuka dimbwi. Ndiyo maana wengi walijaribu mara moja, miche ikafa, wakakata tamaa.

Mbegu inayovuka mpaka

Kwenye maduka ya pembejeo ya Butembo na Beni utakuta majina yanayofahamika Afrika Mashariki yote: nyanya za Roma, Rio Grande na Cal J, kabichi za Copenhagen Market na Gloria, vitunguu vya Red Creole. Nyingi zimeingia kwa barabara ya Kasindi kutoka Uganda. Kila kizuizi na kila kodi ya njiani hujiongeza kwenye bei ya pakiti.

Kwa kabichi hakuna njia ya kukwepa gharama hiyo. Ili itoe maua na mbegu, kabichi inahitaji wiki kadhaa za baridi kali, chini ya nyuzi 10 hivi. Butembo ina ubaridi, lakini si wa kiasi hicho. Iko kilomita chache tu kutoka mstari wa ikweta, na mwaka mzima halijoto haibadiliki sana. Kabichi yetu hufunga kichwa vizuri na kuishia hapo. Kila mbegu yake inayosiwa hapa imenunuliwa kutoka mbali.

Kwa hiyo upotevu unauma. Gramu moja ya kabichi ina mbegu 250 au zaidi. Ya nyanya ina 300 hivi. Pakiti ya gramu tano za kabichi ina mbegu zaidi ya elfu moja, nyingi kuliko mahitaji ya nyumba kumi. Zikimwagwa ovyo kwenye tuta, mvua ya Septemba ikapiga, sisimizi wakabeba, konokono wakala, mkulima hajui amebakiwa na ngapi. Kwenye beseni unazipanga moja moja kwa ncha ya kijiti, unazihesabu, unazifunika kwa udongo wa kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Majirani watatu wanaweza kununua pakiti moja na kugawana.

Nyanya, biringanya, pilipili na lenga-lenga ni habari nyingine. Mbegu zake unaweza kuzitunza mwenyewe, mradi usichukue za chotara, kwa kuwa chotara hazizai watoto wanaofanana na mama. Kamua nyanya iliyoiva sana kwenye kikombe, acha utelezi uchache siku mbili au tatu, suuza, anika kivulini juu ya sahani. Usianike juu ya karatasi, mbegu zitagandia.

Mbegu za vitunguu na puaro hazitunziki muda mrefu. Mbegu ya kitunguu iliyokaa mwaka mzima dukani kwenye unyevu wa Beni inaweza kuwa imekufa bila kuonyesha dalili. Kabla ya kujaza vyombo, weka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, ukunje, usubiri siku kumi. Zikiota chini ya nusu, rudi kwa muuzaji.

Udongo ndio moyo wa kazi

Watu hutafuta vyombo kwanza. Mimi ningeanza na udongo, kwa sababu humo ndimo miche mingi inamokufa.

Mchanganyiko unaofaa ni wa kawaida: sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa au mboji, sehemu moja ya mchanga wa mto. Mchanga ukiwa ghali, tumia pumba za mpunga au maganda makavu ya kahawa, vitu ambavyo nchi ya kahawa kama hii haivikosi. Huko Beni, maganda ya kakao yaliyooza miezi kadhaa hutoa mboji nzuri.

Kuna vitu viwili vya kuepuka, na vyote viwili vimejaa Butembo. Cha kwanza ni takataka za mkaratusi. Majani na magome yake yana kemikali inayozuia mbegu nyingine kuota. Udongo uliokwanguliwa chini ya mkaratusi haufai kitalu hata uwe mweusi namna gani. Cha pili ni unga wa mbao mbichi kutoka kwa maseremala. Unapooza hunyonya naitrojeni, na miche hubaki ya njano. Uache uoze kwanza, mwaka au zaidi, pamoja na samadi.

Usichukue pia udongo wa mahali palipokuwa na nyanya, viazi au biringanya. Mnyauko wa bakteria hukaa ardhini miaka, na ukiuingiza kwenye chombo umeuingiza kwenye shamba lako lijalo.

Halafu kuna kinyausi. Miche imeota vizuri, imesimama, na asubuhi moja unaikuta imelala, shina limeoza pale linapokutana na udongo. Ni kazi ya vijidudu vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Hakuna dawa ya kuufufua mche ulioanguka, kwa hiyo ni lazima uzuie mapema.

> Sufuria moja ya maji yanayochemka inatosha beseni zima. Kwenye tuta la shambani huwezi kufanya hivyo.

Wengine hukaanga udongo juu ya nusu pipa. Inafaa, ila kuni na makaa ni bei, na misitu inayotoa makaa hayo inazidi kurudi nyuma. Wengine hufunika udongo kwa plastiki angavu ili jua liupike. Kwa Butembo yenye mawingu hiyo ni kazi ya mwezi mzima au zaidi, na bila hakika. Kwa nusu ya bidoni, inayochukua lita saba hivi za udongo, sufuria moja ya maji yanayotokota, ikimiminwa polepole mpaka yatokee chini, inatosha. Subiri siku mbili udongo upoe na maji yachuje, ndipo usie.

Hapa udogo wa chombo ni faida kubwa. Mwenye tuta la mita kumi hana sufuria ya kulitosha.

Makopo, magome na trei

Baada ya mabeseni, kila nyumba ina vyake. Makopo ya nyanya ya kusaga na ya maziwa ya unga. Chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa katikati. Trei za karatasi za mayai. Vikopo vya gazeti lililokunjwa. Tangu amri ya serikali ya Desemba 2017 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki, mifuko myeusi si ya kutegemea.

Vyote si sawa. Trei ya mayai inasifiwa sana, na mimi siisifu: ni fupi, hukauka kabla ya adhuhuri, na nyanya huishiwa nafasi ya mizizi katika wiki ya pili. Kwa lenga-lenga inayohamishwa baada ya wiki mbili au tatu inafaa. Bati huchomwa na jua la saa nane; lifunge karatasi au lifiche nyuma ya chombo kingine.

Ninachokipenda kuliko vyote hakinunuliwi. Ni gome la mgomba, lile lililokauka kwenye shina. Unalikata vipande viwili vya upana wa kiganja, unavipitisha kimoja juu ya kingine kwa msalaba, unavikunja juu kuzunguka kopo, unafunga kwa uzi wa mgomba huo huo na kulichomoa kopo. Umepata kikombe cha sentimita kumi kisicho na gharama. Siku ya kupandikiza unakizika pamoja na mche. Kinaoza ardhini na mizizi haiguswi. Wazee walioteshea kahawa na miti ndani ya vikombe vya namna hii. Kwa nyanya na biringanya, sijui chombo bora zaidi.

Kuna chombo kisichofaa hata kikipewa bure: kilichowahi kubeba dawa ya kuua wadudu. Kuosha hakukitakasi. Vingine visafishwe kwa javeli, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha visuuzwe. Baada ya miaka ya Ebola, hakuna nyumba Butembo isiyojua kupima javeli.

Nafasi ikizidi kubana, nenda juu. Miti miwili ya mkaratusi iliyosimamishwa, na vibao vitatu vya kupitishia, hubeba mabeseni sita kwenye upana wa mita moja ya ukuta. Mbegu ambayo haijachomoza haihitaji mwanga, kwa hiyo rafu ya chini yenye kivuli ni ya mbegu, na ya juu ni ya miche. Siku kijani cha kwanza kinapoonekana, beseni linapanda. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka na kupauka ikitafuta mwanga, na haitarudi kuwa imara.

Maji si mengi. Beseni moja halimalizi lita moja kwa siku, na kwa mji ambao watoto hupanga foleni kwenye chemchemi na bidoni, kila lita ina jasho la mtu. Toboa kifuniko cha chupa kwa msumari, mwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni hayafai.

Wanayosema wa bondeni

Si wote wanaoshawishika. Katika mabonde ya Butembo wapo wakulima ambao riziki yao ni miche. Wanaing'oa alfajiri, wanaifunga vifungu kwa uzi wa mgomba na kuipeleka sokoni ikiwa na umande. Hoja zao ni nzito na zinastahili kusikilizwa.

Tuta la ardhini, wanashikilia, halikauki kwa nusu siku. Mizizi inashuka itakako. Mtu mmoja analea maelfu kwa kazi ile ile ambayo wa uani anaitumia kwa mia. Na miche ya barazani wameiona: mirefu, myembamba, ikipata jua la shambani inalala.

Kuhusu mwanga wana haki. Veranda yenye paa haifai kulea miche, na anayesia ndani ya nyumba kwa sababu ya mbuzi na kuku anajisumbua. Kuhusu wingi pia wana haki: mwenye nusu hekta ya kabichi asipoteze muda na makopo.

Lakini anayehitaji miche 50, 100 au 300 ana hesabu tofauti. Kifungu cha sokoni hakisemi ni aina gani ya nyanya. Mizizi imeng'olewa mitupu, imekatika, imepigwa na jua la soko. Na udongo uliogandia unaweza kuwa na mnyauko kutoka bonde lililolimwa nyanya msimu baada ya msimu. Mche wa nyumbani unaujua tangu mbegu.

Upande mwingine ni wenye nyumba. Malalamiko yao hayatajwi sana kwenye semina, lakini ndiyo yanayofunga vitalu vingi. Nyumba za matofali mabichi huharibika zikimwagiwa maji kila siku kwenye msingi. Mwenye nyumba anayemkataza mpangaji halindi kiburi, analinda ukuta. Dawa yake ni kuacha nafasi ya hatua moja kati ya rafu na ukuta, na kuweka sahani chini ya kila chombo, sahani inayomwagwa jioni.

Isipomwagwa inaleta jambo baya zaidi. Kopo lenye maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, na malaria haihitaji kusaidiwa Beni. Chombo kisicho na matundu kisiitwe kitalu.

Kilomita 54, hewa mbili

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni, kilomita 54 hivi kaskazini, iko chini kwa mamia ya mita, karibu na msitu na joto lake. Mbegu ya nyanya inayochomoza Beni siku ya tano au ya sita inaweza kuchukua siku kumi Butembo.

Ushauri mmoja hauwezi kufaa miji yote miwili. Butembo, funika beseni kwa plastiki angavu usiku mpaka mbegu zitoke, kisha ondoa. Beni, adui ni jua la mchana: tandika matawi ya mchikichi juu ya rafu, yapunguze makali bila kuzuia mwanga. Butembo, bakajani hushuka na ukungu wa asubuhi, kwa hiyo achanisha miche hewa ipite. Beni, wadudu wanaofyonza majani hawana msimu, na kipande cha chandarua kilichochakaa juu ya fremu ya vijiti ni kinga bora kuliko dawa.

Kwa miji yote miwili, ukuta wa mashariki ndio bora. Sisi tuko kwenye ikweta. Jua hupita upande wa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi mwaka wote na kivuli saa za ukali.

Nani abebe ujumbe

Mpango mkubwa wa kilimo cha mboga mijini ulioendeshwa na FAO nchini Kongo kuanzia mwaka 2000, kwa fedha za Ubelgiji, ulifika Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Butembo na Beni hazikuwamo. Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, wakazi wa Kibera walisaidiwa kupanda mboga kwenye magunia, na magunia yakaenea. Huko nako miche iliandaliwa kwanza kitaluni ndipo ikagawiwa; gunia bila mche mzuri ni gunia la udongo tu.

Butembo ina watu wa kuifanya kazi hii. Kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989, chenye kitivo cha kilimo. Kuna SYDIP, chama cha kutetea maslahi ya wakulima tangu 1993. Kuna LOFEPACO, umoja wa vyama vya wanawake wakulima, ambao wanachama wake ndio hasa wanaoshika vijiko na makopo. Kuna redio zinazosikika kwenye kila jiko kwa Kiswahili na Kinande.

Kinachohitajika hakina gharama ya daraja wala ya zahanati. Pakiti za gramu moja badala ya tano. Rundo la udongo uliochanganywa na kutibiwa, uuzwe kwa ndoo na vyama vya akina mama. Dakika kumi za redio mwanzoni mwa kila msimu. Na mashirika yanayogawia wakimbizi mbegu yaache kugawa pakiti kavu kwa watu wanaoishi vyumbani bila tuta. Yawape miche iliyokwisha kufika kimo cha kiganja, iliyolelewa na wenyeji kwa malipo. Mbegu iliyotupwa na mtu asiye na mahali pa kuisia haikumsaidia mtoaji wala mpokeaji.

Kuhusu hilo la mwisho, sioni sababu ya kusubiri. Mama wa Bulengera mwenye rafu moja anaweza kutoa mamia ya miche kwa msimu, na kila mche uliolelewa kwake ni pesa inayobaki mtaani.

Kalenda ya msimu ujao

Mvua za pili hurudi Agosti na kushika kasi Septemba. Anayetaka kupandikiza mwishoni mwa Agosti ahesabu kurudi nyuma. Sia puaro katikati ya Juni, na vitunguu mwanzoni mwa Julai, wakati kiangazi kifupi bado kinaruhusu kukusanya samadi kavu na kupika udongo. Nyanya na biringanya uzisie kwa kupishana: biringanya mwanzoni mwa Julai, nyanya katikati yake. Kabichi zingoje mwisho wa mwezi.

Wiki ya mwisho kitaluni, punguza maji taratibu na uondoe kivuli, miche ikomae. Pandikiza jioni, au siku ya mawingu. Karoti usiisie kwenye chombo hata kidogo. Mzizi wake ukiguswa hupinda, kwa hiyo ipandwe moja kwa moja mahali pake. Lenga-lenga ianze wakati wowote, na baada ya mwezi mmoja tangu kusiwa itakuwa kwenye sufuria.